Namba ya Kwanza

Asubuhi ile Klementina alimcheka mumewe kwa sababu ya shati. Mayige alikuwa amelifunga vifungo kombo, upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka, na mwenyewe hajui. Klementina amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, ungo wa karanga mapajani, anachambua kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala tu. Ulilala hivyo tangu kiharusi.

“Baba Yakobo, unakwenda kuvuna pamba au kutisha ndege?”

Mayige akajitazama. Akafungua, akafunga upya.

“Sasa je?”

“Sasa ndege watakutulia kichwani.”

Ilikuwa mwezi wa sita, pamba imepasuka, shamba jeupe. Mayige alikunywa uji wa mtama akiwa amesimama. Akaangalia simu kama ina chaji. Akamwangalia mkewe shingoni: rozari ipo, rimoti ya kuitia watu ipo. Akabeba gunia, akatoka. Hawakuagana. Nani anaaga kwenda shambani? Lenyewe liko ng'ambo ya mto tu, nusu saa kwa miguu ya mzee.

Watu wanaokuja kumpa pole humwuliza asubuhi ile mgonjwa alikuwaje. Mayige hana la kuongeza. Alikuwa anacheka.

Klementina alizaliwa Nyashimo, kwa watu wa mpunga. Alipoolewa Sapiwi hakuijua pamba. Msimu wa kwanza mama mkwe alimkuta anaivuna pamoja na maganda yake, akamwambia, “Mayu, mama, hii si mboga.” Klementina akaimwaga, akaanza upya. Mama mkwe hajibiwi. Msimu wa tatu hapakuwa na mwanamke Sapiwi mwenye mikono ya haraka kama yake, na aliyekuwa akimtangaza huko kisimani ni mama mkwe huyohuyo.

Alisoma mpaka darasa la nne. Mayige hakusoma kabisa, yeye alipelekwa machungani. Basi barua zilipokuja alisoma Klementina, na karatasi za mzani wa pamba alisoma Klementina. Lakini hakumfanya mumewe ajione mjinga hata siku moja. Akishasoma alisema, “Hapa wanasema hivi. Wewe unaonaje?” Na alingoja kweli aambiwe.

Na alikuwa na sauti. Mwaka wa pili wa ndoa, saa za adhuhuri, wanaume wote wako mnadani, wezi walishuka malishoni wakaswaga ng'ombe wa baba mkwe. Klementina ana mimba ya Yakobo, tumbo liko juu. Akapanda kwenye jiwe akapiga mwano. Kwa Wasukuma mwano ukiusikia unaacha ulichoshika, unakimbilia ulikotokea, na njiani unaupokea unaurusha mbele. Mwano wake ulivuka mto. Kufika jioni ng'ombe wamerudi, hakupungua hata ndama.

Walizaa watoto sita. Wawili waliwazika wangali wadogo. Wanne wakakua, wakaondoka kila mmoja kwa njia yake. Yakobo, wa kwanza, yuko Nyashimo kwa wajomba, anauza dagaa. Violeth, wa mwisho, anapika kwenye shule moja huko Mwanza. Nyumba ikabaki na watu wawili kama ilivyoanza.

Kiharusi kilikuja Dominika moja, Klementina anafunga kilemba ili waende kanisani. Kilemba kikaanguka, na yeye akakifuata. Hospitali walimsaidia sana. Alirudi nyumbani akiwa hai, mguu mmoja anauburuta, mkono mmoja umelala. Maneno yalirudi yote, hata yale ya utani. Sauti ndiyo haikurudi. Ile sauti iliyovuka mto sasa haikuweza kutoka jikoni ikafika barabarani.

Hapo ndipo woga ulipoingia nyumbani. Mayige asipolima hawali. Akienda kulima, mkewe anabaki peke yake. Violeth alipokuja kumwona mama yake, akamwuliza anaogopa nini zaidi, kufa?

“Kufa nitakufa tu,” Klementina akasema. “Naogopa kuanguka nikalala chini kama gunia, kuku wananidonoa, hakuna mtu.”

Violeth alirudi Mwanza. Baada ya miezi mitatu akaja na boksi.

Lilikuwa boksi jeupe, unene wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Lina antena fupi na vitufe vya namba. Ndani linakaa laini ya simu. Kulikuwa na king'ora cha kuning'iniza ukutani, na kidude cha mlangoni, vipande viwili vinavyotazamana. Ukiwasha boksi ukatoka, mtu akafungua mlango, vikaachana, king'ora kinalia na boksi linapiga simu. Halafu kulikuwa na rimoti ndogo kama kiberiti, ina kitufe chekundu. Ukikibonyeza, boksi linapiga simu lenyewe kwa watu uliowapanga. Mayige aliligeuza, akalinusa.

“Linapiga lenyewe? Linajuaje nani wa kumpigia?”

“Tutaliambia, baba,” Violeth akasema.

Kwanza laini isajiliwe. Wakampakia Klementina kwenye bajaji mpaka Bariadi mjini. Mashine ya alama za vidole ikamkataa. Msichana wa laini akamfuta vidole kwa kitambaa, akamwambia aweke tena. Ikakataa. Wakajaribu vya Mayige. Vilevile.

“Bibi, alama zenu zimefutika,” msichana akasema kwa huruma.

“Zimebaki kwenye pamba,” Klementina akajibu. “Zifuateni huko kiwandani.”

Violeth akaisajili kwa jina lake.

Fundi aliitwa Danford, mtu wa Bariadi, anafunga sola na vitu vya umeme vijijini. Alikuja na pikipiki na boksi la vifaa. Alifanya kazi taratibu. Akatafuta kwanza pembe ya nyumba yenye mtandao mzuri, akazunguka vyumba vyote simu mkononi kama mtu anayetafuta sindano. Mtandao ulikuwa juu ya kabati la vyombo. Hapo akapigilia misumari. Waya akauunga kwenye betri ya sola, akaeleza kwamba ndani ya boksi kuna betri ndogo, hata kukiwa na mawingu siku mbili halizimi.

Ukafika wakati wa kurekodi sauti. Sekunde kumi tu. Klementina akasema, “Ni mimi Klementina wa Sapiwi. Nimeanguka. Njooni.”

“Bibi, ongea kwa nguvu kidogo.”

“Ningekuwa na nguvu ungekuja na boksi?”

Danford akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akalisogeza boksi karibu na mdomo wake, wakarekodi tena.

Halafu namba. Danford akamgeukia mwenye nyumba.

“Mzee, namba ya kwanza nani?”

“Kaka yangu, Mabula.”

“Anakaa wapi?”

“Nyalikungu, kule Maswa.”

Danford akainua kichwa. “Mzee wangu, hapa weka mtu wa jirani. Mtu wa kukimbia.”

“Kaka hakimbii. Ana miaka themanini.”

“Ndiyo maana nasema.”

“Na mimi ndiyo maana nasema,” Mayige akajibu. “Jambo la nyumbani kwangu halimfikii mtu mwingine kabla ya mkubwa wangu. Siku akisikia alipigiwa wa pili, nitamwambia nini? Andika.”

Danford akaandika. Ya pili, Yakobo, kwa sababu ni mzaliwa wa kwanza. Ya tatu, Mayige mwenyewe. Mwenye nyumba hajitangulizi. Ya nne, Violeth.

“Yaani mimi niliyelinunua ndiyo wa mwisho?” Violeth akalalamika.

“Wewe ndiye mdogo.”

Namba ya tano ikabaki tupu. Danford akauliza la mwisho: boksi likipokelewa na mmoja, lisimame au liendelee kuwapigia wengine?

“Lisimame,” Mayige akasema. “Mkubwa akishajua, yeye ataamua nani aambiwe.”

Klementina alikuwepo, alisikia yote. Alikuwa anatazama nje, kwenye baraza ya nyumba ya pili, hatua kama arobaini. Huko alikaa Mhoja, fundi cherehani, mwanamke aliyetoka Itilima baada ya ndoa kumshinda, amepanga chumba kimoja. Hana ukoo pale. Kutwa nzima alikuwa barazani na cherehani yake. Kwa mwaka mzima Mayige hakuwahi kumwambia neno zaidi ya salamu.

Boksi likakaa juu ya kabati, taa yake ya kijani inapepesa. Mayige akaenda shambani moyo umetulia. Alimshukuru Mungu, akamshukuru binti yake. Palizi ikaanza.

Siku Klementina alipoanguka kweli ilikuwa saa tano, nyuma ya jikoni, anatoka chooni. Mguu ulikataa, akashuka upande. Rimoti ilikuwa shingoni. Akabonyeza. Boksi likafanya kazi yake bila kosa lolote. Likapiga Nyalikungu.

Mayige alikuwa na jembe mkononi simu yake ilipolia. Jua lilikuwa limeshavuka utosi.

“Mayige!”

“Naam, kaka.”

“Mkeo ana nini na mimi?”

“Kwa nini, kaka?”

“Kanipigia simu. Namsalimia mwadila, kimya. Anasema tu nimeanguka, nimeanguka. Nauliza umeangukia wapi, hajibu, anarudia yaleyale. Nikamwambia shemeji, huyu ni mimi Mabula, mimi ni sawa na baba mkwe wako, nisalimie kwanza. Akanikatia! Nikasema ngoja nile, hasira ishuke, ndipo nikupigie nikuulize. Ndiyo adabu gani hiyo?”

Mayige alikata simu ya kaka yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Alimkuta mkewe ubavuni mwa ukuta. Kivuli kilikuwa kimemkimbia, yuko juani, midomo imekauka, vumbi shavuni. Kuku walikuwepo. Na pale barazani, hatua arobaini, cherehani ya Mhoja ilikuwa inapiga kelele, mwenyewe ameinama, anashona sare za shule, hajui lolote. Mayige alimwinua mkewe, akampa maji kidogo kidogo kwa kiganja.

Klementina akameza. Akamtazama.

“Nimengoja,” akasema, “ukoo upangwe kwa umri.”

Mayige akainamisha kichwa. Jioni akamwambia, “Kesho naenda Maswa.”

Alichukua jogoo. Njia nzima kwenye basi alikuwa anapanga maneno, na kila aliyopanga yaliharibika. Utamwambiaje kaka yako mkubwa kwamba unamtoa mbele? Baba yao alipokufa, Mabula ndiye aliyemwoza Mayige. Ndiye aliyekwenda Nyashimo kumposa Klementina. Mtu kama huyo unamwondoaje?

Mabula alimpokea uani. Wakasalimiana salamu ndefu, ng'ombe, mvua, watoto. Wakala. Mabula akanawa mikono, akaelekeza kidevu kwa jogoo aliyefungwa miguu.

“Hujaja kunitembelea. Mtu wa kutembea haleti jogoo. Una kesi.”

Mayige akasema. Alisema kwa mkato, kama kawaida yake: boksi, rimoti, sauti iliyorekodiwa, namba ya kwanza, jua. Alipomaliza, Mabula aliokota kijiti, akachokonoa meno. Mayige akaanza kujuta.

“Kwa hiyo,” Mabula akasema, “mimi nilikuwa nagombana na boksi?”

“Ndiyo, kaka.”

“Nililiambia linisalimie?”

“Ndiyo.”

Mzee akaanza kucheka, mabega yakatikisika, mpaka wake za wanawe wakachungulia kutoka jikoni. Halafu kicheko kikakatika, machozi yakabaki.

“Na yeye alikuwa chini?”

“Saa mbili nzima. Zaidi.”

“Mayige. Mwaka ule walipochukua ng'ombe wa baba, Klementina alipopiga mwano, alinitafuta mimi kwanza?”

“Hapana.”

“Nani alifika wa kwanza?”

“Yule mchoma mkaa. Yule mgeni wa Meatu.”

“Ukoo gani?”

“Sijui. Hatukumwuliza.”

“Basi. Mwano unamwokota aliye karibu. Wewe ulichukua mwano ukaupanga foleni.” Akamtazama mdogo wake, si kwa ukali. “Niweke wa mwisho. Mkubwa anafika mwisho, anakuta watu wameshakuwepo. Hiyo ndiyo heshima yangu. Na umwambie shemeji nimemwomba radhi. Jogoo mwache.”

Mayige alirudi mwepesi. Kesho yake akavuka hatua zile arobaini.

“Baba, leo umekuja au umepotea?” Mhoja akamwuliza, mguu bado uko kwenye pedali.

“Nimekuja, mayu.”

Akamweleza. Mhoja akaacha kushona. Akamtazama kama amesikia vibaya.

“Mimi? Namba ya kwanza?”

“Wewe.”

“Baba, hata mama yangu mzazi hajaniweka wa kwanza.”

Danford akaja kupanga upya. Mhoja, Mayige, Violeth, Yakobo, Mabula. Na likipokelewa na mmoja lisisimame, liendelee mpaka wote wasikie. Hakumkumbusha Mayige kwamba alimwambia. Alikunywa maziwa, akakataa malipo ya mara ya pili, akaondoka na pikipiki yake. Mayige mpaka leo akipita Bariadi humpelekea mahindi mabichi au karanga, na Danford humwuliza boksi linaendeleaje kama mtu anavyouliza hali ya mtoto.

Baada ya hapo walipewa karibu miaka miwili. Mayige anaihesabu kama zawadi.

Boksi lilipiga mara chache. Mara moja nyoka aliingia jikoni, Mhoja akaja na pasi ya mkaa mkononi. Mara moja Klementina aliteleza akakaa chini, hakuumia, lakini Mhoja alikuwa ameshafika kabla hajamaliza kujishangaa. Na kuna ile Dominika ya mbuzi. Walikuwa kanisani, nyumba wameifunga vibaya, boksi wameliwasha. Mbuzi akausukuma mlango. Katikati ya mahubiri simu ya Mayige ikalia, akaipokea kwa haraka ili inyamaze, akagusa pasipotakiwa, sauti ikatoka kwa spika: “Ni mimi Klementina wa Sapiwi. Nimeanguka. Njooni.” Mayige akageuka kwa hofu. Klementina alikuwa amekaa ubavuni mwake, anamtazama.

“Niko hapa,” akamnong'oneza. “Sijaanguka bado.”

Kanisa zima lilicheka, na katekista akangoja watu watulie. Mhoja, ambaye hakuwa mtu wa kanisani, ndiye aliyemtoa mbuzi ndani, unga ukiwa umejaa kwenye ndevu za mnyama. Mabula alipiga simu jioni. “Leo nilisalimia,” akasema, “nikangoja kidogo, nikajua ni ndugu yangu boksi.”

Lakini kilichobadilika hasa hakikuwa boksi. Mtu akishakuwa namba ya kwanza, hawezi kuendelea kuwa mpangaji wa nyumba ya pili. Mhoja alianza kuchungulia hata bila kuitwa. Halafu cherehani ikahamia ubavuni mwa jikoni, kwa sababu, alisema, kivuli cha kule ni kizuri. Klementina alimfundisha kuanika michembe ya viazi isishike ukungu, na Mhoja akamshonea magauni yanayofunguka mbele, ya mtu wa mkono mmoja. Walibishana kutwa. Mayige akirudi kutoka shambani alizisikia sauti zao kabla hajaingia uani, akapunguza mwendo makusudi ili asizikatize.

Siku ile ya mwezi wa sita Mhoja alikuwa amerudi kwake mara moja, kuna mteja alikuja kupimwa. Ilikuwa saa nne. Mayige amefika nusu ya mstari, gunia linaburutwa nyuma yake. Simu ikalia mlio wa boksi. Violeth alikuwa amemwekea mlio wake pekee, kwa kuwa hasomi majina. Akapokea. Ni mimi Klementina wa Sapiwi.

Aliacha gunia. Alikimbia. Sijui ni miaka mingapi ilikuwa imepita bila mzee yule kukimbia. Alipita mashamba ya watu, akashuka mtoni, akaanguka kwenye mchanga, akainuka. Simu ikalia tena mfukoni, ikakatika, ikalia tena. Hakuitoa. Alijua imebeba nini, au alidhani anajua.

Alipofika uani watu wanne watano walikuwepo, wamesimama mbali kidogo kwa heshima. Mhoja alikuwa amekaa chini sakafuni jikoni, miguu ameinyoosha, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni mwake. Kichwa cha Klementina kilikuwa mapajani pake. Mkono wake mzima ulikuwa umeshikwa. Alikuwa ameshaondoka.

Mayige akapiga magoti. Hakulia wakati ule. Alimfunga kilemba vizuri.

Walimzika siku ya tatu, ili watoto wafike. Mabula aliletwa kwa gari, akashuka akishikiliwa huku na huku, akakuta uwanja umejaa. Alisimama, akawatazama watu wale wote, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali jambo. Mhoja alikaa ndani na wanawake wa ukoo, kwenye mkeka wa wafiwa. Mtu mmoja akauliza kwa chini huyo ni nani wa marehemu. Violeth akajibu kwa sauti ya kusikika, “Ni wa kwanza.”

Sasa watu wanakuja, wanampa Mayige pole. Anaitikia. Lakini moyoni kuna neno jingine ambalo mfiwa anaona haya kulitamka mbele ya watu: wabeja. Asante. Asante kwa Violeth aliyesikia maneno ya mama yake akayageuza kuwa kitu. Asante kwa Danford. Asante kwa kaka aliyekubali kuwa wa mwisho. Lakini huzuni iko palepale. Kitanda ni kipana, uji unabaki. Ila akiulinganisha msiba huu na lile jua la nyuma ya jikoni, kuku wanazunguka, anajua angeweza kupewa msiba mwingine, mbaya kuliko huu.

Neno moja tu lilikuwa linamla. Hakujua kama mkewe alijua. Alipokuwa chini pale, kabla ya mwisho, alijua kwamba kuna mtu amefika? Au Mhoja alimkuta ameshazima? Aliogopa kuuliza. Zikapita wiki tano.

Siku ya kugawa vitu vya marehemu ilipopita, Mayige alikwenda zizini, akamfungua mtamba mweusi mwenye baka jeupe, akamvuta mpaka kwenye baraza ya Mhoja.

“Baba, huyu vipi?”

“Wako.”

Mhoja akacheka kwa mshtuko. “Nina chumba kimoja! Nitamlaza kitandani?”

“Atalala zizini kwangu. Lakini ni wako. Akizaa ni wako. Watoto wangu wanajua, kaka anajua.”

Mhoja akaweka mkasi chini. Akamtazama mtamba, akamtazama mzee, halafu akajifunika uso kwa kanga. Alilia muda. Mayige alisimama, kamba mkononi, hajui afanye nini.

“Baba, usinipe,” Mhoja akasema. “Kuna kitu sikukuambia. Alinituma, sikufikisha.”

“Alikutuma?”

“Nilimkuta macho yako wazi. Nikamwinua, nikamweka mapajani. Akanijua. Akaniita jina. Akanituma nikupigie simu. Nikapiga, hukupokea. Nikapiga tena, hukupokea. Ulipofika umejaa mchanga, unahema, nikashindwa kusema. Nikaogopa utajilaumu kwamba hukupokea. Kila siku nikasema kesho.”

Kamba ikamtoka Mayige. Mtamba akaanza kula majani ya ukingoni, hakuna aliyemzuia.

“Alinijua,” Mayige akarudia polepole. “Alikujua wewe.”

“Alinijua, baba.”

“Sema alivyosema. Usiongeze, usipunguze. Kama alivyosema.”

Mhoja akajifuta macho. Akamwambia. Mayige akamwomba aseme tena, akasema. Akamwomba mara ya tatu, midomo yake mwenyewe ikifuata neno kwa neno, maana mtu asiyejua kuandika hana daftari ila kichwa chake. Akayashika. Nami nayaweka hapa kama Klementina alivyoyatamka, sakafuni jikoni kwake, Sapiwi, saa nne ya asubuhi:

“Mpigie Baba Yakobo, mwambie asikimbie. Mwambie nina mtu.”